Tupeane uzoefu: jengo la chuo lililobadilishwa kazi

Chaki: Wakuu, jana nimepita chuoni nikakuta bweni letu la zamani ni ofisi ya wahasibu. Chumba nilicholala miaka mitatu kina kaunta. Nikajikuta nimepanga foleni na sina ninacholipia. Nani mwingine yamemkuta?

Mkutubi: Umenikumbusha mbali. Sisi bweni liligeuzwa maktaba, ghorofa ya pili. Kuta za vyumba zikavunjwa, rangi ikapakwa, shelfu zikaingia. Baadaye mlango wa stoo ukaanza kukwama. Fundi akauranda, ukakwama tena. Siku hiyo nimo ndani peke yangu natafuta majarida, nikasikia "ka!" kama mfupa. Nasukuma mlango, wapi! Kugeuka, naona shelfu mbili zilizoachiana njia ya toroli zimekaribiana vichwa. Nilipiga kelele bila aibu. Wakanitoa kwa kung'oa bawaba. Mhandisi akauliza, "Nani aliwaambia vitabu ni vyepesi?" Kumbe sakafu ilikuwa inabonyea: ya bweni husanifiwa kubeba takriban kilo 200 kwa mita ya mraba, shelfu zilizojaa hutaka kama 700. Tulihamisha vitabu usiku kucha, mkono kwa mkono.

Kiti cha Nyuma: Mwili umenisisimka.

Bomba: Langu lilikuwa maabara. Bomba za gesi bado zipo ukutani, tulianikia soksi.

Mbishi: Hayo madogo. Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya majukwaa ya uwanja wa Stagg, palikuwa na ukumbi wa skwoshi. Tarehe 2 Desemba 1942 mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakawasha humo tanuri la kwanza la nyuklia. Majukwaa yakabomolewa 1957, na uwanjani pakajengwa maktaba.

Bomba: Haukuwa wa skwoshi, ulikuwa wa raketi. Michezo miwili tofauti.

Mbishi: Kwani atomu iliuliza?

Chaki: Jamani, uzi ni wa mabweni.

Mkaguzi: Mkihamia jengo kuukuu, dai michoro ya awali kwanza. Na msitoboe dari, nyingi za zamani zina asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu.

Kiti cha Nyuma: Michoro yetu ilihifadhiwa kwenye chumba kilichovunjwa.

Bomba: Dari tumetoboa sana, neti tungetundika wapi?

Mkaguzi: Basi endelea kucheka.

Chaki: Mkutubi, lile jengo sasa ni la nini?

Mkutubi: Bweni.