Kiwanja chembamba kando ya Barabara ya Kenyatta, Mwanza: mchoro uanzie wapi?

Mwenye kiwanja, Mkolani
Habari zenu, wadau. Familia yetu ina kiwanja upande wa magharibi wa Barabara ya Kenyatta, upana mita 12 na urefu mita 36. Mpaka wa mbele uko mita 24 kutoka katikati ya lami, na nyuma kuna jabali kubwa la graniti. Tunataka ghorofa: fremu za maduka chini na ofisi juu. Je, mchoro uanzie wapi, na jabali tulivunje?

Mbunifu majengo, Ilemela
Ndugu, mchoro uanzie katikati ya barabara, si kwenye bikoni yenu ya mbele. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu, kwa hiyo mita 6 za mbele msizihesabu kabisa, hata kwa ukuta au shimo la majitaka. Nimeona majengo mazuri mno yakipigwa alama ya X ya kubomolewa kwa sababu tu hakuna aliyeshika futi kamba mapema, na huniuma kila mara. Mpima aliyesajiliwa aweke mstari huo kwanza, ndipo mwombe kibali cha ujenzi Jiji.

Kwa kuwa majirani watawabana kaskazini na kusini, acheni uwazi katikati ya jengo, kuanzia juu ya maduka hadi paani, ili ofisi za ndani zipate mwanga na hewa. Ngazi na vyoo viwekeni magharibi vikinge jua la alasiri.

Mhandisi wa majengo, Nyegezi
Nakubaliana naye, ila jabali ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Hatari ni nguzo za nyuma kukaa juu ya mwamba huku za mbele zikikaa kwenye udongo, kwani udongo hudidimia na mwamba haudidimii, na ufa hutokea pale pale vinapokutana. Chimbeni mashimo ya majaribio mjue kama ni mwamba wenyewe au ni jiwe kubwa lililolala juu ya udongo. Hapa Mwanza yote mawili yapo, na kwa macho hayatofautiani. Likiwa mwamba, liacheni, jengo liishie mbele yake, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake yachimbiwe mfereji.

Mwenye kiwanja, Mkolani
Nashukuru sana, wakuu. Magari ya mizigo je, yaingilie wapi?

Mbunifu majengo, Ilemela
Njia ya kuingilia kutoka barabara kuu huombewa kibali TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Kama kuna kichochoro nyuma au ubavuni, kitumieni hicho kwa mizigo.