Eti "mashine haidanganyi"! Sampuli za pamba zimetoka juani zikaingia HVI, mashine ya kupima ubora wa pamba, hapo hapo

Nyuzi_Ndefu: Wakuu, yule jamaa wa maabara mnayemjua wote amerudia. Sampuli zimeshushwa kwenye lori zina joto la kukaangia mayai, kavu kabisa, akazitia kwenye mashine hapo hapo. Nguvu ya nyuzi ikasoma chini. Kuulizwa, anajibu "mashine haidanganyi".

Haidanganyi! Pamba inafumuliwa, inalazwa walau saa 24 kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa hewa asilimia 65. Ikiwa kavu hukatika upesi, na mashine inaandika hicho hicho. Marobota yanashushwa daraja kwa sababu mtu kashindwa kungoja kesho. Na alisema hivyo ameegemea mlango wa chumba cha kupimia, UKO WAZI!

Mizani65: Kelele za nini mkuu? Ulishindwa kumdai karatasi ya kalibresheni, ya kuhakiki usahihi wa mashine? Pamba za mfano ambazo namba zake zinajulikana, fupi dhaifu na ndefu imara, zote zisome ndani ya kiwango siku ile ile. Hana karatasi, hana majibu. Na saa 24 ni za asiye na trei za matundu. Ukivuta hewa yenye unyevu sahihi ipite katikati ya pamba, ni dakika chache tu.

Nyuzi_Ndefu: Trei atoe wapi? "Mashine haidanganyi"! Mlango wazi!

Robota: Bora nguvu. Huku maikronea, kipimo cha hewa inavyopenya kwenye pamba, ndiyo inatuua. Sampuli ni gramu 10 hivi, lakini chemba ina mabaki ya pamba ya asubuhi ambayo mzani haukuyapima. Hewa inapita kwa shida, namba inashuka, pamba ya 3.5 hadi 4.9 inatupwa nje ya daraja.

Fumua: Mnaiamini maikronea? Inachanganya wembamba na ukomavu. Nyuzi changa na nyuzi nyembamba zilizokomaa zinaweza kutoa namba moja.

Mizani65: Hamjataja rangi. Taa imechoka, kioo kina mikwaruzo, vigae vya kalibresheni vinashikwa na vidole vya mafuta. Rd (mng'ao) na +b (umanjano) zitaachaje kuyumba?

Robota: Tena compresa inayoipa mashine hewa ikivuja!

Fumua: Nani anapima unato? HVI haioni sukari ya vidukari na nzi weupe. Namba safi, kufika kiwanda cha kusokota pamba inaganda kwenye roli. Kifaa kipo: gramu 2.5 zinabanwa kwa joto kati ya karatasi mbili za alumini, unahesabu madoa yaliyonata. Maabara gani inacho?