Natumwa Bukavu na bahasha, nipite njia gani?

Kijana wa Mwaloni: Wakuu, bosi wangu wa dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ananituma Bukavu, Congo, Ijumaa, nimpelekee mteja wake bahasha. Pasipoti ninayo. Nasikia mji uko mikononi mwa waasi wa M23. Nipite wapi? Msinikatishe tamaa, nauli nishapewa.

Konda Mstaafu: Geita, Biharamulo, Lusahunga, Benaco, Rusumo. Ukivuka, rudisha saa nyuma saa moja. Mifuko ya plastiki iache Benaco, Rwanda wanainyang'anya. Kigali panda gari la Rusizi, mji wa mpakani, kupitia msitu wa Nyungwe. Bukavu ni ng'ambo ya mto. Njia ya Kigoma hadi Uvira isahau, bonde la Ruzizi ndiko M23 na jeshi la Congo wamekuwa wakipigana.

Furu: Gunia la dagaa bei gani sasa?

Bint Nyegezi: Mdogo wangu, bahasha ina nini? Benki za Bukavu zilifungwa mji ulipotekwa Februari 2025, ndiyo maana nauliza.

Kijana wa Mwaloni: Karatasi za biashara tu dada.

Bint Nyegezi: Za rangi gani?

Kijana wa Mwaloni: Haya. Dola 14,000. Nafunga kiunoni. Bosi anasema nikizitangaza forodhani wezi watanijua.

Bint Nyegezi: Kuanzia dola 10,000 unajaza fomu. Ukikutwa hujajaza zinakamatwa, na wa kuhojiwa ni wewe, si yeye. Noti 140 za mia mia ni unene wa sentimita moja na nusu, ukiinama tu zinachomoza. Zikague moja moja: Congo noti iliyochanika hata ukingoni wanaikataa, mteja atadhani umebadilisha. Andikeni namba za noti, bosi asaini.

Babu Kirumba: Bosi mwenyewe hana miguu?

Konda Mstaafu: Na simu isafishe. Vizuizini video ya Wazalendo, wale wanamgambo wanaopigana na M23, au ya M23 wenyewe, zote kesi.

Kijana wa Mwaloni: Nishaamua, naenda. Hofu yangu ni foleni ya kivuko cha Busisi.

Sangara Mnene: Chai hii! Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu, basi linapita dakika chache. Mtu gani wa Mwaloni hajui?

Furu: Ndiyo maana bei ya dagaa kaikwepa.

Kijana wa Mwaloni: Mimi wa kisiwani Ukara, mjini nina wiki tatu. Mnaniita mwongo bure.

Bint Nyegezi: Awe wa Ukara au wa kutunga, kadi ya homa ya manjano je? Chanjo inahesabika baada ya siku 10.

Kijana wa Mwaloni: Nimechanja leo asubuhi.