Kome wa mitoni: tuwazalishe vituoni au tubomoe mabwawa kwanza?

Mleta mada:
Wakuu, fedha za kuokoa kome wa asili wa maji baridi Marekani ziende wapi: kwenye vituo vya kuwazalisha, au kuondoa mabwawa yasiyo na kazi tena? Mimi nasema mabwawa kwanza.

Kome mmoja mkubwa huchuja makumi ya lita za maji kwa siku. Lakini lava wake (kitoto kinachotoka kwenye yai), kwa kawaida, hakui bila kujishikiza kwenye matamvua au mapezi ya samaki kwa muda, na aina nyingine za kome hukubali samaki mmoja au wawili tu. Bwawa la Keokuk lilipokamilika mwaka 1913 kwenye mto Mississippi, heringi wa mtoni alizuiwa kupanda juu. Kome Reginaia ebenus, anayemtegemea samaki huyo, akakosa pa kulea lava wake. Wazee walibaki hai miaka mingi, bila watoto.

Uzalishaji nao si jambo jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vilivyotengeneza vifungo vya nguo kwa magamba ya kome vilikuwa vinawamaliza, serikali ikajenga kituo Fairport, Iowa. Samaki walibebeshwa lava kwa wingi wakaachiwa mtoni. Kome wakaendelea kupungua, maana uvunaji, uchafu na mabwawa havikukoma.

Mchangiaji:
Mkuu, muda umeusahau. Mwaka 2023 Marekani iliondoa aina 8 za kome kwenye orodha ya viumbe vinavyolindwa kwa sababu zimeshatoweka. Kubomoa bwawa ni vikao na kesi za miaka. Halafu tope lililolala nyuma ya ukuta likiachiwa kwa mkupuo, linawafukia kome walio upande wa chini wa mto.

Mleta mada:
La tope ni kweli, na linanitia hofu. Ndiyo maana maji yashushwe polepole, kome wa chini wahamishwe mapema. Na kwa aina iliyobaki kidogo sana, kituo kiwe kimbilio. Hapo sibishani nawe. Ninachokataa ni kuhesabu kome walioachiwa na kutangaza mafanikio. Wahesabiwe watoto waliozaliwa mtoni humo. Sasa nijibu hili: ukiwaachia kome juu ya bwawa ambalo samaki wao hapiti, kizazi cha pili kitatoka wapi?