Tupeane uzoefu: mliohamia nyumba yenu ya kwanza kabla haijaisha, Mtwara na Lindi

Kijana wa Chuno

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chuno. Mimi na mama watoto tuna wawili, mkubwa yuko chekechea, mdogo ana miezi minane. Agosti tulitoka nyumba ya kupanga Magomeni tukaingia kwenye pagale tulilonunua: vyumba vitatu, limeshaezekwa, halina lipu, chini jamvi tupu la zege, madirisha tumeziba kwa maturubai. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tukapiga hesabu usiku, tukaona hiyo hela ni grili za madirisha yote. Asubuhi tukaita guta.

Sasa kila mgeni anakuja na ushauri wake. Shemeji anasema weka marumaru sebuleni. Baba mkwe anasema jenga uzio kwanza, watu wanachungulia. Mimi nilianza na lipu chumba cha watoto, na nadhani nimeshakosea: wiki tatu baada ya fundi kumaliza, chini ya ukuta hadi usawa wa goti panatoka unga mweupe na rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Fundi hapokei simu.

Waliopitia njia hii, mlianza na nini? Na mngepewa nafasi ya pili mngeanza na nini?

Mkazi Shangani

Njomba, hiyo ni chumvi. Kwangu ilitoka hivyohivyo. Mwaka tuliojenga kulikuwa na lori linaleta mchanga kwa bei ya kutupwa, mweupe, msafi, mzuri wa macho. Hatukuuliza unatoka wapi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini, yakifika usoni pa ukuta yanakauka, chumvi inabaki pale nje ndiyo huo unga.

Kama unabisha, kwangua kidogo uonje. Usicheke, ndivyo nilivyojua mimi.

Kosa letu la pili ni kupaka rangi juu yake mara tatu. Mara tatu! Rangi haizibi chumvi. Mwishowe tulibandua lipu yote mpaka kwenye tofali, hadi juu ya pale ilipoishia alama ya chumvi, tukasugua kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), tukaacha ukuta wazi kiangazi kizima ukauke, ndipo tukapiga upya kwa mchanga wa mtoni. Pia tulichimba nje kuzunguka msingi, maji ya mvua yalikuwa yanasimama pale. Uliza kama aliyejenga aliweka nailoni nzito ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Wengi huruka hapo kwa sababu haionekani.

Kinachoniuma zaidi siyo lipu. Ni linta, lile zege la juu ya milango na madirisha. Chumvi ikifika kwenye nondo inazila, nondo ikipata kutu inavimba, zege linapasuka. Linta ya mlango wangu wa nyuma ina ufa uliokwenda kwa urefu wake wote, na hiyo sijaigusa bado.

Rahaleo

"Fundi hapokei simu" ndiyo jina la ukoo la mafundi wote.

Mwashi

@Rahaleo tunasemwa sana humu. Mchanga ananunua nani? Mteja. Nikimwambia huu una chumvi ananiambia wewe piga tu, fundi mwoga. Nikimwambia mwagilia lipu asubuhi na jioni siku saba, keshokutwa nakuta kavu kama kigae, ina nyufa za utando wa buibui, kisha nalaumiwa mimi. Tena kuna anayetaka mfuko mmoja wa kilo 50 utoe tofali sitini za inchi sita. Ukimfyatulia hizo sitini, zikianguka anakutafuta wewe.

Lakini asiyepokea simu namlaani pia. Anatuharibia.

Mama wa Newala

Mimi nitasema neno moja: maji. Nyie wa mjini mnabishania marumaru.

Tulihamia Novemba, mtoto mgongoni, nyumba ina bati na milango miwili tu. Huku juu uwandani maji yako chini sana, kisima cha kuchimba kwa jembe husahau, na ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni, yakija yakija. Ndoo tulikuwa tunanunua. Mume wangu alikuwa na hela ya korosho mkononi, anataka dari kwa sababu bati linachoma mchana. Mimi nikasema gata, mfereji wa kukinga maji ya bati. Tuligombana siku mbili kwa heshima, yaani kila mtu anaongea na mtoto.

Nikamwekea hesabu chini. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati letu linafunika kama mita 9 kwa 10, tisini. Mvua ya milimita 20, ambayo huku ni ya jioni moja tu, inatoa lita 1,800. Toa zinazomwagika pembeni, bado tangi la lita 2,000 linakaribia kujaa kwa siku moja. Akanyamaza. Kesho yake akaenda kutafuta gata.

Angalizo kwa wa huku kwetu: mvua za kwanza usikinge. Kiangazi kizima mikorosho inapuliziwa salfa, dawa ya unga, vumbi lake linatua kwenye mabati. Sisi tumeacha kipande cha bomba kinachochomoka, mvua mbili za mwanzo zinamwagika chini, ya tatu ndiyo tunaunganisha.

Dari tumeweka msimu uliofuata. Joto lilitutesa, siwezi kudanganya, mchana tulikuwa tunaishi chini ya mwembe.

Mtu wa Mikindani

Sisi hatukujenga, tulirithi. Nyumba ya bibi, kuta za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Nilijiona mjanja nikapiga lipu ya saruji sebule nzima iwe ya kisasa. Haikumaliza miaka miwili, ikaanza kudondoka vipande vizima, nyuma yake ukuta umelowa. Mzee mmoja wa hapa aliniambia ukuta wa chokaa unahema, wewe umeuziba pua. Tumerudi kwenye chokaa. Inachelewa kukauka, inataka uvumilivu, lakini ndani pana ubaridi ambao hakuna feni inayoutoa.

Mkwe wa Lindi

Mimi somo langu si la ujenzi. Natoka Singida, nimeoa Mmwera, nikapewa eneo na baba mkwe nje kidogo ya Lindi mjini. Nikashukuru, nikakata mikorosho mitano, nikajenga hadi linta. Ndipo akafika mjomba wa mke wangu kutoka Nachingwea, mtu mzima, mpole. Alikunywa chai yote kwanza. Halafu akauliza: ile mikorosho, aliulizwa nani?

Sikujua kwamba lile eneo ni la ukoo wa mama mkwe, baba mkwe mwenyewe alikuwa mkwe kama mimi. Tulikaa mkekani kutwa nzima. Mwisho yakaandikwa mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, majirani wa pande zote wakasaini, mjomba akasaini, na jina lililoandikwa ni la mke wangu. Sina kinyongo. Ila ujenzi ulisimama miezi kumi na tofali zangu zikaota majani.

Mkorosho mmoja uliobaki uko mlangoni pa jiko, naogopa hata kuupunguza matawi.

Asiyependa haraka

Nitakuwa mbaya humu. Msihamie na watoto kwenye nyumba iliyo wazi. Sisi tulihamia na maturubai dirishani kama wewe, usiku wa tatu nyoka akaingia chumba cha watoto. Hakuuma mtu. Tulirudi kupanga kesho yake, tukalipa kodi, tukarudi baada ya milango na nyavu. Hela hurudi.

Kijana wa Chuno

Asanteni sana wote. Jana nilikwangua ule unga nikaonja. Ni chumvi, chumvi ya mboga kabisa. Mama watoto akaingia akanikuta nimepiga magoti nalamba ukuta, akatoka bila kusema neno, nikamsikia anampigia dada yake.

Nimemsomea ya nyoka. Tumekubaliana grili na nyavu wiki hii, marumaru hazizungumzwi tena, lipu ya chumba cha watoto naibandua Jumamosi, wao watalala sebuleni na sisi. Baba mkwe bado anataka uzio.

Mama wa Newala, hicho kipande cha bomba kinachochomoka mmekifunga kwa kitu gani kisidondoke mvua ikizidi?

Mama wa Newala

Mpira wa tairi la baiskeli.