Tupeane uzoefu: klabu ya raga ya watu 13 inapoishiwa pesa

Mwanzisha uzi
Wakuu, kwetu raga ikitajwa watu huwaza ile ya watu 15, au ya wachezaji saba ambayo Kenya wanaijua vizuri. Uzi huu ni wa rugby league, raga ya watu 13, yenye makao yake kaskazini mwa Uingereza na mashariki mwa Australia. Klabu ya Salford Red Devils ilifilisiwa na mahakama Desemba 2025, na wengi wanauliza ilifikaje huko. Wenye kujua vitabu vya klabu hizi, sheria ya ufilisi na mikataba ya wachezaji wamwage hapa. Majonzi ya ushabiki tuyaache pembeni. Leteni tarehe, kiasi na hatua.

HesabuBaridi
Anzeni na kalenda. Msimu wa Super League, ligi kuu ya mchezo huu Uingereza, huanza Februari na kuisha Oktoba. Kuanzia hapo mpaka Februari hakuna kiingilio, lakini mishahara ni ya miezi 12. Pesa kubwa inayoingia katika pengo hilo ni tiketi za msimu ujao. Kihesabu pesa hiyo ni deni, kwa sababu mechi zake hazijachezwa. Klabu ikibanwa inalipia mishahara ya Novemba na Desemba. Ukifika Juni uwanja unaonekana umejaa, kumbe nusu ya waliokaa walishalipa mwaka jana na hela yao imeshaliwa. Anayeacha pesa siku hiyo ni mnunua tiketi ya mechi moja na mnunua bia.

Njia ya pili ya kujikopesha ni PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara. Chukueni mfano wa darasani: mishahara ghafi pauni 150,000 kwa mwezi. Wachezaji na wafanyakazi wanapokea kama 100,000. Zile 50,000 za kodi na michango yao, pamoja na mchango wa mwajiri ambao sasa ni asilimia 15, zinatakiwa kufika HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kufikia tarehe 22 ya mwezi unaofuata. Kiongozi wa klabu akifungua akaunti tarehe 5 anaona kama 70,000 zimetulia. Mwenye basi anadai, mwenye uwanja anadai, anazigusa. Mwezi wa tatu deni limevuka 200,000, na mkopeshaji ni mamlaka ya kodi ambayo haikuombwa mkopo.

Ya tatu ni kuvuta mgao wa ligi, yaani pesa ambayo ligi hugawia klabu zake, kabla ya wakati. Mwisho wa 2024 Salford waliomba na kupewa pauni 500,000 kutoka mgao wao wa 2025. Hapo shimo halijazibwa, limehamishiwa mwaka unaofuata, na mwaka huo unaanza na mapato pungufu kwa mishahara ileile. Nikiambiwa nichague dalili moja tu, nachagua hii. Klabu nyingine hukaa na madeni makubwa miaka na miaka bila kufa, mradi tarehe za kuingia na kutoka pesa zinaoana.

Tumbo_la_Odsal
Nyongeza kutoka Bradford, kwa sababu pale kila hatua ilionekana hadharani. Bradford Bulls ni mabingwa wa Super League wa 1997, 2001, 2003 na 2005, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni klabu mbovu uwanjani tu ndizo zinazofilisika. Januari 2012 chama cha mchezo, RFL, kilinunua haki ya upangaji ya uwanja wa Odsal. Klabu ikapata pesa ya haraka, lakini mali yenye uzito ikawa imetoka mkononi. Machi mwaka huohuo wakatangaza kwamba wanahitaji pauni milioni 1, nusu yake kabla ya Pasaka. Mashabiki wakachanga kweli. Juni klabu ikaingia kwa msimamizi wa ufilisi hivyohivyo.

Wanaopanga mchango kama ule wazingatie: ahadi si pesa, na pesa ya mashabiki haitakiwi kuingia kwenye akaunti ya klabu yenye ovadrafti. Ikiingia tu, benki inaweza kuifyonza kupunguza deni lake kabla mchezaji hajaona senti. Funguo za mchango ziwe mikononi mwa wakili au chombo cha mashabiki chenye akaunti yake, na masharti ya kuziachia yaandikwe mapema: mnunuzi fulani akikamilisha, zinatoka, asipokamilisha kufikia tarehe fulani, zinarudi kwa wenyewe.

Adhabu ya ligi nayo ihesabiwe. Januari 2014 Bradford waliingia tena kwa msimamizi wakakatwa pointi 6, wakashuka daraja msimu huo. Mara ya tatu, Novemba 2016, hakupatikana mnunuzi aliyekubalika. Januari 2017 kampuni ikafutwa, ikaundwa mpya iliyoanza na pointi 12 pungufu kwenye Championship, daraja la pili, ikashuka tena. Widnes nao walikatwa 12 mwaka 2019. Kushuka daraja kunakata mgao, na mgao ukikatwa mpango wa kulipa madeni alioandika msimamizi unabaki karatasi.

Wakili wa Zamu
Mpangilio wa kisheria Uingereza, maana watu wanachanganya usimamizi na ufilisi.

Mdai yeyote wa zaidi ya pauni 750 anaweza kutoa hati ya kudai yenye siku 21. HMRC mara nyingi inairuka hatua hiyo, inakwenda moja kwa moja na ombi la kufilisi kampuni. Ombi likishafikishwa kwa klabu, tangazo lake kwenye gazeti rasmi, The Gazette, linasubiri angalau siku 7 za kazi, na litangulie kusikilizwa kwa siku 7 za kazi. Hapo ndipo mambo yanapokatika, kwa sababu benki husoma Gazette. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ufilisi ya 1986 kinafanya malipo yote baada ya ombi kuwa batili iwapo amri ya kufilisi itatoka, kwa hiyo benki inafunga akaunti ili isije ikadaiwa yenyewe. Klabu inaweza kuwa na 80,000 kwenye akaunti na ikashindwa kulipa basi la mechi ya ugenini. Dawa yake ni kuomba mahakama ihalalishe malipo maalum, na ombi hilo linataka mwenendo wa fedha wa wiki kwa wiki. Klabu iliyokuwa haina hesabu za wiki inakwama hapo.

Usimamizi (administration) ni kinga. Taarifa ya kusudio la kumteua msimamizi inawazuia wadai kwa siku 10 za kazi. Akishateuliwa ana siku 14 za kuamua kuhusu wafanyakazi bila kubeba mikataba yao, ndiyo maana barua za kuachishwa hutoka ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mapendekezo yake yanatakiwa ndani ya wiki 8.

Tangu tarehe 1 Desemba 2020 HMRC ni mdai wa kipaumbele kwa VAT na PAYE, mbele ya benki yenye dhamana ya jumla juu ya mali. Mfua jezi, tabibu wa viungo na mwenye mabasi wako mkiani, na huko kinachobaki ni senti chache kwa kila pauni, au sifuri.

Mgeni_wa_Jukwaa
Shukrani mkuu. Mchezaji je? Tuseme ana pauni 60,000 kwa mwaka na hajalipwa miezi miwili.

MikatabaNaVisa
Huyo anadai 10,000 ghafi. Mfuko wa serikali unalipa mishahara iliyolala isiyozidi wiki 8, kwa ukomo wa wiki ambao kuanzia Aprili 2025 ulikuwa pauni 719. Mshahara wake wa wiki ni kama 1,150, kwa hiyo kwa ukomo huo atahesabiwa 719 mara 8, yaani 5,752 kabla ya kodi. Kinachobaki anapanga foleni: hadi pauni 800 ndicho kipaumbele, na sehemu hiyo anairithi serikali iliyokwisha mlipa. Sehemu ya malipo iliyopitia kampuni yake ya haki za picha (inayolipwa kwa matumizi ya jina na sura yake) haimo kabisa. Kampuni hiyo ni mdai wa kawaida kama mfua jezi.

Msimamizi akiuza klabu ikiwa hai, mkataba unahamia kwa mnunuzi. Mchezaji ana haki ya kukataa kuhama. Mkataba unakufa, anakuwa huru, lakini halipwi fidia ya kuachishwa. Akatae kwa maandishi, si kwa kutokwenda mazoezini, maana utoro unampa mwajiri hoja.

Wa kutoka nje ya Uingereza waharakishe zaidi. Visa imefungwa kwa klabu iliyowadhamini. Udhamini ukikoma, kwa kawaida wanabaki na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Nyumba nayo mara nyingi imekodiwa kwa jina la klabu.

KusiniZaidi
Msisahau upande wa mmiliki mmoja. Toronto Wolfpack, klabu ya Kanada, walikubali kuingia bila mgao wa Super League, na wakabeba nauli na malazi ya timu zilizowatembelea Kanada. Juu ya hapo wakamsajili Sonny Bill Williams, nyota wa New Zealand. Bajeti yote ikaegemea mfuko wa mtu mmoja. Korona ilipofunga mipaka 2020 mishahara ikasimama, Julai wakajitoa, Novemba ombi lao la kurudi likakataliwa kwa kura 8 kwa 4. Newcastle Knights walipita njia hiyohiyo chini ya Nathan Tinkler, isipokuwa Australia NRL, ligi yao kuu, yenyewe iliichukua klabu 2014 na ikaja kuiuza kwa kundi la Wests mwaka 2017. Gold Coast Titans nao NRL iliwabeba 2015. Tofauti ni mfuko wa ligi. Wa Uingereza hauna ubavu huo.

HesabuBaridi
Nakubaliana nusu. RFL haikukaa kimya Salford. Mwanzoni mwa 2025 waliwawekea ukomo wa mishahara wa pauni milioni 1.2 mpaka fedha za wamiliki wapya zionekane. Matokeo yake klabu ilipeleka vijana St Helens mechi ya kwanza ya ligi, ikafungwa 82-0. Ukomo unalinda mizania, lakini unaua mauzo ya tiketi na unawasukuma wadhamini kando, na hao ndio wangeziba pengo. Ukaguzi wa pesa ya mnunuzi ulitakiwa kumalizika kabla ya kukabidhiwa klabu. Barua ya benki haitoshi: pesa iwekwe kwa wakili, ya kutosha PAYE iliyolala na mishahara ya miezi mitatu.

Mgeni_wa_Jukwaa
Na shabiki wa kawaida anaona wapi dalili kabla ya tiketi kununuliwa?

Wakili wa Zamu
Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, mtandaoni, bure. Tafuta jina la kampuni, si la utani la klabu, na hakikisha ni kampuni inayoshika mikataba ya wachezaji, kwani mara nyingi zipo mbili au tatu. Hesabu za kampuni binafsi hutakiwa ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa fedha, zikichelewa, iandike hiyo kama dalili. Fungua ukurasa wa dhamana: mkopeshaji mpya aliyesajiliwa Oktoba au Novemba ni mtu aliyekopesha juu ya tiketi au mgao. Kwenye hesabu soma "wadai ndani ya mwaka mmoja", mstari wa kodi, ulinganishe na mwaka uliopita. Kisha ingia Gazette, andika namba ya kampuni badala ya jina, uone kama kuna ombi. Na ukinunua tiketi ya msimu ya zaidi ya pauni 100, lipa kwa kadi ya mkopo: kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974 kinakuruhusu kuidai benki mechi zisipochezwa. Ukilipa taslimu dirishani, unajiunga na mfua jezi.