Wakuu naombeni ushauri: baguette ya siku hiyohiyo au ya kulaza usiku?

Mla_Mkate: Habari zenu wakuu. Nataka kuoka baguette (mkate mrefu mwembamba wa Kifaransa) nyumbani, ile ganda linapasuka kwa sauti ukiibonyeza na ndani ina matundu makubwa. Nina resipi mbili. Moja ni unga nusu kilo, maji mililita 325, hamira kijiko cha chai, chumvi gramu 10, unakanda, inaumuka saa moja na nusu unaoka. Nyingine hamira kiduchu, inalala mpaka kesho. Hiyo ya kwanza nje inapendeza ila ndani imebanana kama mkate wa slesi na jioni imeshakauka, ya pili naiogopea hili joto la Dar isije ikachacha. Oveni yangu ya gesi. Wazoefu mnafanyaje?

BiHamira: Nenda na ya pili mkuu, ladha ya baguette inaletwa na muda. Ila isilale nje! Hamira kavu gramu 1 au 2, maji ya friji, ikunje kila nusu saa mara tatu hivi halafu ndo iingie kwenye friji. Kwenye baridi hamira inaenda taratibu huku wanga unaendelea kuvunjika kuwa sukari, ndo maana ganda linapata ile rangi.

Kaka_Buja: Na maji ongeza. 325 ni asilimia 65 ya unga, fika 350. Itanata sana ila usiongeze unga tafadhali, lowesha mikono tu. Halafu resipi ikikutajia sukari, maziwa au siagi achana nayo, Ufaransa wana sheria ya 1993, baguette ya kitradisheni ni unga, maji, chumvi na hamira au chachu (unga na maji vilivyoachwa vichachuke vyenyewe), viongezeo marufuku na kugandisha donge kwenye friza marufuku.

BiHamira: Kweli kabisa. Kuchana donge juu kabla ya kuoka tumia wembe mpya, uulaze, mchano wa juujuu unaofuata urefu wa mkate, ukikata kwa kukingama haufunguki vizuri.

Mla_Mkate: Asanteni sana. Na mvuke je? Nikimwaga maji ya moto kwenye trei ya chini mvuke wote unatoka.

Kaka_Buja: Oveni nyingi za gesi ndo zilivyo, zina matundu ya kutolea hewa. Pasha oveni mpaka nyuzi 240 za Selsiasi, ingiza mikate, ifunike na trei kubwa ya bati uliyoipindua, mvuke wa donge lenyewe unatosha. Dakika 12 funua, acha tena kama 10 mpaka iwe kahawia ya kukolea, ukiitoa ikiwa njano ganda litalainika ndani ya nusu saa.

Mla_Mkate: Poa mkuu, leo usiku nakunja, kesho naleta picha.